Kaunta Buku ya Maskini

Kila Desemba stoo za makanisa ya Nairobi hujaa unga. Mabunda hupangwa hadi usawa wa dirisha, kila bunda paketi 12 za kilo mbili mbili, na juu yake katoni za mafuta na magunia ya maharagwe. Ikifika Krismasi vyote vimegawiwa, picha zimepigwa, stoo imefagiwa. Kisha inaingia Njaanuari na stoo haina hata chumvi.

Anayeijua kalenda ya mtaa wa mabanda anaiona kasoro papo hapo. Desemba fundi wa mjengo hulipwa alichokuwa akidai, wafanyakazi wa nyumbani hupewa cha sikukuu, na wengi wamefunga mlango kwenda ushago. Januari mjengo haujafunguka, shule zimefunguliwa, na landilodi anataka kodi kabla ya tarehe tano kama mwezi mwingine wowote. Ukikosa, anatia kufuli yake juu ya yako, au anakuja na nyundo kung'oa mlango. Kanisa lenye mabunda 30 ya kugawa lingefanya vyema kuweka 20 hadi siku za kwanza za Januari na kuyatoa kabla ya hiyo tarehe tano. Familia ikijua chakula kipo, ile mia saba iliyokuwa iende dukani inakwenda kwenye kodi. Unga wenyewe hauharibiki ikiwa mtu amesoma tarehe ya mwisho kwenye paketi siku ya kununua, na mabunda yameinuliwa juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu.

Na ndani ya kifurushi mna nini? Hapa watoaji wengi hupima kwa jiko lao wenyewe. Familia ya watu watano inayosonga ugali mara moja kwa siku humaliza paketi ya kilo mbili kwa siku mbili, tatu ikijibana. Kwa hiyo paketi mbili zilizofungwa kwa utepe ni chakula cha wiki moja pungufu, na anayetoa asijidanganye kuwa amelisha watu mwezi. Maharagwe makavu ni shida nyingine. Yanataka saa mbili au tatu za moto, na moto huo ni makaa ya kununua kwa mkebe. Ndiyo maana kwenye vichochoro vya Mathare na Mukuru kuna akina mama wanaochemsha githeri na maharagwe kwenye sufuria kubwa tangu alfajiri na kuyauza kwa kikombe: wateja wao wana njaa, ila hawana makaa ya saa tatu. Ukimpa mtu huyo gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, ya maharagwe makavu ya gunia, mara nyingi atayauza kwa huyo huyo mama wa githeri kwa bei ya kutupa. Hajakosa shukrani. Amepiga hesabu. Kama lazima maharagwe yawemo, afadhali kanisa limlipe mama wa githeri achemshe gunia zima, watu waje na bakuli. Au kifurushi kibebe ndengu, zinazoiva upesi, pamoja na mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo watu hununua kwa kupimiwa ya shilingi kumi na ya ishirini, na anayenunua kadogo kadogo hulipa ghali kuliko anayebeba lita.

Lakini hayo yote ni mepesi kurekebisha. Kazi ngumu ni orodha.

Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa parokia, karibu kila orodha ya Kikatoliki ya wahitaji hapa mjini imepitia jumuiya. Ni mpango wa busara. Majirani wanajuana kuliko ofisi ya parokia inavyoweza kuwajua. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanaandika majina matano au sita, Padri anapokea, gari linapakiwa.

Sasa tazama jumuiya inavyokutana. Inazunguka kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Siku ya zamu yako unaazima viti, na ingawa hakuna sheria inayosema hivyo, watu wanatarajia chai. Kikapu cha sadaka kinapitishwa mbele ya macho ya wote. Mama anayeishi kwa kufua nguo za watu anafua Jumapili, siku ambayo wenye nguo wako nyumbani. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita kutoka mtaa mwingine, kwa kuwa huko alifungiwa mlango, hajui hata jumuiya ni ya siku gani. Mzee aliyelala na kiharusi hana wa kumpeleka. Hawa wote hawaji, na asiyekuja hatajwi. Orodha inakuwa daftari la mahudhurio. Ukitaka kuipima ya kwenu, chukua ya mara ya mwisho na uhesabu ni wangapi ndani yake walikosa jumuiya mara tatu mfululizo. Ikiwa hakuna hata mmoja, mmewasaidia wenye shida walio na nauli na viatu.

Waislamu wana faida moja hapa: fikihi, elimu ya sheria za dini, imewalazimisha kuuliza swali la nani kwa makini kabla ya swali la nini. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi manane yanayostahili zaka, na mawili ya kwanza ni mafakiri na masikini, kama watu wawili tofauti. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Kenya, fakiri ni yule ambaye alicho nacho hakifiki hata nusu ya mahitaji yake. Masikini anavuka nusu lakini hatoshelezwi. Kamati ikiuliza tu swali hilo, nusu au zaidi ya nusu, tayari orodha ina mpangilio. Kundi la wenye madeni nalo lina nafasi yake, na Nairobi deni la kodi na la duka ndilo umaskini wenyewe ulivyo.

Kiwango kinajulikana: asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikatimiza mwaka wa mwezi mwandamo. Shilingi 25 katika kila elfu. (Wakatoliki nao husema zaka, wakimaanisha fungu la kumi. Ndiyo maana kamati za pamoja za makanisa na misikiti huanza kwa dakika kumi za kutoelewana.) Mwenye milioni mbili anatoa 50,000. Desturi iliyozoeleka ni kuzigawa kwa watu mia moja wanaopanga foleni mlangoni, mia tano kila mmoja, na kufikia magharibi zimekwisha. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shafii wa karne ya 13, alikuwa ameshaandika kwamba fundi apewe thamani ya vyombo vya kazi yake na mfanyabiashara apewe mtaji wa kumtosha. Zaka za majirani watatu zikiunganishwa ni cherehani na vitambaa vya kuanzia, au mkokoteni, na mwakani mtu huyo hayumo orodhani. Zakatul-fitri ni tofauti, maana ile ni chakula na wakati wake ni kabla ya swala ya Idi: pishi moja kwa kila kichwa, kati ya kilo mbili na nusu na tatu. Inafika usiku mmoja, yote kwa pamoja. Misikiti ya mtaa mmoja isipokaa chini mapema kugawana vichochoro, nyumba ya karibu na barabara inapata mifuko sita ya mchele na ya ndani kabisa haipati punje.

Dawa ya orodha mbovu ni miguu. Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, kimeshika desturi moja hadi leo: unamtembelea mhitaji nyumbani kwake, na mnakwenda wawili. Wawili kwa sababu mmoja anaweza kudanganywa, kudanganya au kusingiziwa. Ningeongeza kwamba angalau mmoja awe mwanamke, na mmoja asiwe wa ploti hiyo wala wa ukoo wa anayetembelewa. Mwendo uwe siku ya kazi, saa nne hivi asubuhi. Saa hiyo watoto waliorudishwa kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana wapo nyumbani, na jiko linasema kama usiku uliopita liliwashwa.

Maswali yenyewe yana ufundi. "Mna shida ya chakula?" ni swali bure, kwani hakuna atakayesema hapana. Uliza, "Mama, jana jioni mlikula nini? Na juzi?" Uliza kodi imelipwa hadi mwezi gani na ni nani anayeidai. Uliza deni la dukani, na ukitoka upite kwa mwenye duka ununue kiberiti. Duka la mtaani lina daftari la madeni lisilo na huruma wala chumvi, na mwenye duka anajua nani alikuwa akinunua paketi na sasa anapimiwa nusu kilo. Usipige picha. Usiandike mbele yao kama karani wa sensa. Andika mkishatoka, pale kona.

Mnachoandikia kiwe kaunta buku moja, ya safu nane: ploti na mlango, idadi ya vinywa, pesa zilizoingia wiki iliyopita, kodi inayodaiwa, deni la duka, mgonjwa au mlemavu, nani mwingine anawasaidia, na tarehe ya kurudi. Safu ya saba ndiyo inayozuia familia moja kulishwa na jumuiya, msikiti, mzee wa kijiji na shirika huku jirani akikosa kote. Kulinganisha orodha kwa nambari ya simu hakusaidii sana, kwa kuwa mtu ana laini mbili tatu. Nambari ya kitambulisho ni bora, ijapokuwa wapo wasio na kitambulisho na hao ndio mara nyingi walio chini kabisa. Ploti na mlango hushinda vyote viwili. Na kitabu kisiingie kwenye grupu la WhatsApp la parokia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, jina la mtu na ugonjwa wake si tangazo la baada ya Komunyo. Kinachopaswa kutangazwa madhabahuni ni vigezo: mwaka huu tunatanguliza nyumba zenye mgonjwa wa kitandani, zilizofungiwa mlango, na za wazee wanaolea wajukuu. Watu wakivijua vigezo, minong'ono inapungua nusu.

Siku ya kugawa ina hatari zake. Tarehe 10 Aprili 2020, wiki chache baada ya korona kuingia nchini, ugawaji wa chakula Kibera uligeuka kuwa mkanyagano, polisi wakarusha gesi ya machozi na watu wakaumia. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna chakula, na haikuenea kwamba kuna chakula cha watu wangapi. Asiye na tikiti akimwona mwenye tikiti, huanza kusukuma. Kwa hiyo tikiti zitolewe mlangoni kwake wakati wa matembezi, zikiwa na saa, watu ishirini kwa kila nusu saa, na geti la kutokea lisiwe lile la kuingilia. Bora kuliko hayo ni kutokuwa na foleni kabisa: kanisa linakubaliana na maduka matatu ya mtaa, familia inachukua bidhaa za shilingi 1,500 kwa kipande cha karatasi chenye muhuri, mwenye duka analipwa Jumamosi. Lori halihitajiki na biashara inabaki mtaani. Wizi wake pia unajulikana. Duka linabadilisha karatasi ya 1,500 kuwa 1,200 taslimu. Unazuilika kwa kuorodhesha bidhaa nyuma ya karatasi na kumtuma mtu kuuliza nyumba mbili tatu walichukua nini.

Pesa kwa M-Pesa ndiyo njia ninayoipendelea kwa mtu anayedaiwa kodi, kwa tahadhari moja ambayo kamati nyingi hujifunza kwa kuchelewa. Mtu akiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, shilingi zinapoingia tu kwenye laini yake mfumo unakata deni hilo kwanza. Umetuma 2,000 za kodi, mama amebaki na 600, na wewe umeandika kwenye ripoti kwamba amesaidiwa. Muulize kabla ya kutuma, bila kumtia haya. Kama deni lipo, lipa kodi moja kwa moja kwa landilodi na uchukue risiti.

Watu wa mitaa hii hawakukaa wakisubiri orodha ya mtu. Wana chama cha kuweka na kukopa. Namna iliyo imara zaidi ni ile ya kasha lenye kufuli tatu, iliyoanzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 na sasa imeenea hata kwenye kumbi za makanisa ya Nairobi. Wanachama 15 hadi 25. Funguo tatu kwa watu watatu, kasha lenyewe kwa mtu wa nne. Kila wiki mtu ananunua hisa moja hadi tano, na kila hisa ni muhuri kwenye kitabu chake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anahesabu. Mikopo haizidi mara tatu ya akiba na hurudi ndani ya miezi mitatu. Pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kasha kufungwa kila mtu anakariri kilichobaki, ili mkutano ujao uanze kwa kuulizana. Tuseme wako 20, hisa ni shilingi 100, wastani hisa mbili kwa wiki, kwa wiki 50. Ni hisa 2,000, shilingi 200,000. Riba na faini zikileta 36,000, kila hisa inakuwa 118, na mwenye hisa 100 anabeba 11,800. Wengi hugawana Desemba. Wanaogawana wiki ya kwanza ya Januari hubeba sare na karo.

Kasha linavunjika kwa njia chache zinazojirudia. Bei ya hisa inapandishwa na wenye vibanda hadi wafua nguo wanatoka mmoja mmoja. Mwenyekiti anakopa nusu ya kasha. Baada ya mgao watu wanaacha "kidogo cha kuanzia mwaka" kwenye simu ya mtu mmoja. Au mchungaji ndiye mweka hazina, na nani atamwambia mtumishi wa Mungu atoe pesa mfukoni tuzione? Parokia nayo inaweza kuliua kwa ukarimu, ikitumbukiza laki moja ya mfadhili ndani. Mtu hulipa kwa bidii deni la pesa aliyoiona ikitoka kwenye pochi ya jirani yake. Ya mfadhili anaiona kama mvua.

Pale parokia inapoweza kulisaidia kasha bila kuligusa ni hospitali, kwa kuwa ugonjwa ndio unaolitoboa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu wa msingi ni kulipa mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600 kwa wa kiwango cha chini. Kwa siku hazifiki shilingi kumi. Kwa mkupuo ni zaidi ya kodi ya mwezi ya nyumba nyingi za mabati. Umeletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kulipa kidogo kidogo, lakini kwa mjane aliyemo kwenye kaunta buku, kanisa kulipa hizo 3,600 mara moja kuna maana kuliko vifurushi vitatu vya unga. Na mtu wa kamati akae naye anapojisajili kwa *147#, maana majibu ya maswali kuhusu nyumba na maisha yake ndiyo yanayopanga mchango, na anayejibu haraka haraka hujikuta amepandishwa. Kwa wenye miaka 70 na zaidi, hakikisheni kwanza kama wamesajiliwa Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi. Wapo wanaopewa unga na kanisa miaka nenda rudi na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Hata hivyo hakuna kaunta buku inayofikia kodi yenyewe. Papa Fransisko aliposimama katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, tarehe 27 Novemba 2015, alitaja kodi za dhuluma kwa nyumba zisizofaa, ukosefu wa maji, na wanyakuzi wa ardhi wanaomezea mate hadi viwanja vya kuchezea vya shule. Anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 Mukuru hulipa kila lita ghali kuliko mwenye mfereji Lavington, na hilo halitibiwi kwa ndengu. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka 1996 katika kupinga ubomozi, ulikuwa miongoni mwa waliosukuma hadi Mukuru ikatangazwa eneo maalum la upangaji mwaka 2017. Walianza kwa kuhesabu nyumba kwa nyumba. Ni kazi ile ile ya kaunta buku, ila wao waliipeleka City Hall.

Mwanasiasa naye huja na orodha yake, na kamera. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa Katoliki la Soweto, hapa Nairobi, akaagiza yarudishwe. Mtu anaweza kubishana kuhusu siasa ya jambo lile. Kwa kamati ya parokia ugumu ni wa kila siku: pesa ya mheshimiwa ikiingia, majina kumi "kutoka ofisini" huingia nayo, na hakuna aliyetembelea milango yao.

Basi rudi kwenye safu ya nane, tarehe ya kurudi. Miezi mitatu inatosha. Kuna aliyepata kazi na sasa anasaidia wengine, kuna aliyehama usiku na mlango una mpangaji mwingine, kuna aliyefariki na kifurushi chake bado kinachukuliwa na shemeji. Ziara hizo za pili ndizo zinazoachwa, hasa Aprili na Mei, mvua inapojaza vichochoro vya Mukuru na Mathare na watembeleaji wenyewe ni akina mama wa makamo wanaokuja kwa miguu. Katika bajeti ya matendo ya huruma huwa kuna mstari wa usafiri, na kwa kawaida ni mafuta ya gari la parokia. Gari halipiti huko. Wanunulieni gambuti jozi nne.